Tiba ya msongo wa mawazo kwa simu: nani anamhudumia nesi wakati wa mlipuko?

Ugonjwa wa mlipuko ukiingia wilayani, sisi wa redio tuna maneno yetu tuliyoyazoea. Nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni. Usiguse maiti. Ukiona dalili, wahi zahanati. Tunayarudia asubuhi, mchana na jioni, na ni haki yake yarudiwe, maana yanaokoa maisha. Lakini kwenye hilo la "wahi zahanati" kuna mtu tunayemsahau: yule nesi anayekusubiri huko. Wewe unakimbilia kwake. Yeye anakimbilia wapi?

Makala hii inaeleza aina moja ya msaada ambao umekuwa ukijaribiwa kwa ajili yake, nao ni tiba ya kisaikolojia inayotolewa kwa njia ya simu na intaneti. Tutaeleza inavyofanyika, ilikopimwa, inapofaa na inaposhindwa. Na lipo jambo ambalo hata sisi tulipolisoma lilitufurahisha: sehemu kubwa ya tiba waliyopewa madaktari na wauguzi wa Ulaya wakati wa Korona ilikuwa imeshajaribiwa kabla, huku kwetu, kwa wanawake wa pembezoni mwa Nairobi na kwa wakimbizi wa Sudan Kusini walioko Uganda.

Kinachomwelemea mhudumu

Tuanze na hesabu za karibu. Septemba 2022 Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan. Hadi ulipotangazwa kwisha Januari 2023, watu 142 walikuwa wamethibitishwa kuugua, na 55 kati yao walifariki. Wahudumu wa afya walioambukizwa walikuwa 19, na 7 walikufa. Mmoja wa waliokufa alikuwa daktari kijana Mtanzania aliyekuwa masomoni huko. Machi 2023 ikawa zamu ya Kagera, ugonjwa wa Marburg: wagonjwa 9, waliofariki 6, na miongoni mwa waliofariki alikuwemo mhudumu wa afya.

Mtu anayesikia hesabu hizi nyumbani anaogopa kidogo kisha anaendelea na shughuli zake. Anayezisikia akiwa wodini, amevaa mavazi ya kujikinga yanayomtoa jasho hadi viatu vinalowa, anazisikia kwa namna nyingine. Anajua glavu ikichanika ni nini kitafuata. Anamhudumia mwenzake wa zamu ya juzi, aliyekula naye chai pamoja. Jioni anarudi kwa watoto wake na hajui kama awakumbatie au akae mbali nao.

Kisha kuna majirani. Kwenye milipuko mingi wahudumu wa afya wamesimulia jambo lilelile: mtaani watu wanawakwepa, dukani wanahudumiwa kwa haraka ili waondoke, watoto wao hawaitwi tena kucheza, na wengine wametakiwa na wenye nyumba wahame. Mtu anayetoka kuhatarisha maisha yake anapokelewa kama yeye ndiye ugonjwa wenyewe. Hili wataalamu wanaliita unyanyapaa. Sisi tunadhani kila msikilizaji analijua hata bila jina.

Msongo wa mawazo peke yake si ugonjwa. Moyo kwenda mbio, usingizi kukatika, hasira za karibu, yote hayo ni mwili kujiandaa kwa hatari, na hatari ipo kweli. Tatizo huanza pale mwili unapokataa kutulia hata hatari ikiwa mbali: wiki zinapita mtu halali, hali chakula, anaona sura za waliokufa kila akifumba macho, au anaanza kunywa pombe ili apate usingizi. Hapo msongo unaweza kugeuka sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, au wasiwasi unaomzuia mtu kufanya kazi. Muuguzi wa namna hiyo anaumia yeye, na mgonjwa wake pia yuko hatarini, maana aliyechoka kiasi hicho anaweza kukosea dozi.

Kwa nini twende hadi Hispania

Tunakwenda Hispania kwa sababu huko tiba hii ya simu ilipimwa kwa wahudumu wa afya wenyewe, kwa utaratibu unaoaminika, na matokeo yake yakachapishwa.

Machi 2020 Madrid ilikuwa katika hali mbaya sana. Serikali ilitangaza hali ya dharura tarehe 14. Kumbi za maonyesho ya biashara, zinazoitwa IFEMA, ziligeuzwa hospitali. Uwanja wa ndani wa kuteleza kwenye barafu uligeuzwa kuwa mahali pa kuhifadhia maiti, kwa kuwa vyumba vya kawaida vilijaa. Vifaa vya kujikinga vilipungua hadi wauguzi wakajifunika mifuko ya plastiki ya takataka. Kila siku saa mbili usiku watu walitoka kwenye roshani za nyumba zao na kuwapigia makofi wahudumu wa afya. Makofi yalikuwa mazuri, hatukatai. Kufikia mwisho wa Mei mwaka huo, wahudumu zaidi ya 50,000 wa nchi hiyo walikuwa wameambukizwa.

Watafiti wa huko waliwauliza maswali wafanyakazi 9,138 wa afya kuhusu hali zao katika wimbi hilo la kwanza. Asilimia 45.7 walionesha dalili zinazoelekeza kwenye tatizo la afya ya akili. Karibu mmoja kati ya saba alikuwa na dalili nzito kiasi cha kumvuruga katika kazi na maisha ya kila siku. Dodoso si kipimo cha daktari, kwa hiyo tusiseme nusu ya wauguzi wa Hispania waliugua. Tunachoweza kusema ni kwamba walioelemewa walikuwa wengi kupita uwezo wa wanasaikolojia wa nchi nzima kukaa nao mmoja mmoja.

Hata wangetosha, wangekutana nao wapi? Mikusanyiko ilikatazwa. Wauguzi walikuwa wanafanya kazi usiku na mchana. Na kuna aibu ya kazi yenyewe: daktari amezoea kuwa mtu wa kusaidia, hapendi kuonekana kwenye foleni ya wanaosaidiwa. Hili halina nchi. Hapa Tanzania muuguzi gani anataka aonwe na wenzake akiingia kliniki ya afya ya akili, kesho isemwe amepelekwa Mirembe? Simu inamwondolea foleni hiyo. Anaweza kuzungumza akiwa chumbani kwake, baada ya zamu, bila mtu kujua.

Programu peke yake haikutosha

Wazo la kwanza lililowajia wengi mwaka 2020 lilikuwa rahisi: watengenezewe programu ya simu, waipakue, wajisaidie. Hispania ilifanya hivyo. Watafiti walitengeneza programu iliyoitwa PsyCovidApp, yenye mafunzo ya kupunguza msongo, kulala vizuri na kukabili hofu. Waliwagawa wahudumu 482 kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja likapewa programu hiyo, jingine likapewa programu yenye maelezo mafupi tu, ili walinganishwe.

Baada ya wiki mbili, kwa ujumla, makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha kuonekana. Lakini watafiti walipotazama ndani zaidi, waliona kundi dogo lililopata nafuu: wale ambao tayari walikuwa wanatumia dawa za afya ya akili au walikuwa wanaonana na mtaalamu wa kisaikolojia. Waliokuwa na huduma nyingine pembeni, programu iliwaongezea. Aliyekuwa peke yake na simu yake, haikumsaidia sana.

Wiki mbili ni muda mfupi, na tusiihukumu programu moja kupita kiasi. Hata hivyo matokeo hayo yanakubaliana na jambo ambalo limeonekana katika tafiti nyingi za tiba ya mtandaoni kabla ya Korona: watu wakiachiwa programu bila mtu wa kuwafuatilia, wengi huacha njiani. Akiwepo mtu anayepiga simu na kuuliza "umefika wapi?", wanaoendelea ni wengi zaidi, na nafuu inakuwa kubwa zaidi. Wanaofundisha watu wazima kusoma wanalijua hili. Kitabu kinagawiwa, lakini anayekimaliza ni yule mwenye mwalimu wa kumuuliza.

Njia iliyopitia Uganda na Kenya

Sasa tufike kwenye jaribio lililofanikiwa, na ili lieleweke inabidi turudi nyuma kidogo.

Shirika la Afya Duniani lilikuwa na tatizo la miaka mingi: kwenye vita, njaa na kambi za wakimbizi, wenye mateso ya moyoni ni maelfu, na wataalamu wa magonjwa ya akili ni wachache au hawapo. Likatengeneza misaada inayoweza kutolewa na mtu wa kawaida aliyepewa mafunzo mafupi na anayesimamiwa na mtaalamu. Misaada miwili inatuhusu hapa.

Wa kwanza ni kozi ya kujisaidia ambayo mafunzo yake yamerekodiwa kwa sauti. Ilijaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini magharibi mwa Uganda, kwa wanawake 694 wa Sudan Kusini. Wanawake walikaa kwa vikundi, wakasikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, wakafanya mazoezi pamoja, na walioongoza vikundi hawakuwa wataalamu. Kozi nzima ilikuwa ya vikao vitano. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: miezi mitatu baada ya kozi, waliohudhuria walikuwa na msongo pungufu kuliko wasiohudhuria. Sisi wa redio tunaomba mturuhusu tujivune kidogo hapa. Mama asiyejua kusoma, amekimbia vita, anapata tiba kwa kusikiliza sauti iliyorekodiwa.

Wa pili ni msaada wa ana kwa ana wa vikao vitano, unaomfundisha mtu kuyakabili matatizo yake moja baada ya jingine. Huu ulijaribiwa Peshawar, Pakistan, na pia pembezoni mwa Nairobi, ambako wahudumu wa afya wa jamii waliutoa kwa wanawake, wengi wao wakiwa wamewahi kufanyiwa ukatili. Matokeo ya jaribio la Nairobi yalitoka mwaka 2017. Hao nao walipata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida tu za kliniki.

Korona ilipoingia, Shirika la Afya Duniani lilitoa kijitabu cha picha kinachoendana na ile kozi ya sauti. Watafiti wa Ulaya wakaichukua misaada hii miwili, wakaiunganisha kuwa ngazi mbili, wakaipeleka kwenye simu na intaneti, na Hispania wakaijaribu kwa wahudumu wa afya wa Madrid na Catalonia. Yaani msaada ulioanzia kwa mkimbizi na kwa mama wa kibandani ukapanda ndege kwenda kumsaidia daktari wa hospitali kubwa ya Ulaya. Kwa kawaida tunazoea kuona misaada ikisafiri kutoka huko kuja huku.

Ngazi ya kwanza: wiki tano na simu ya dakika 15

Mhudumu aliyeelemewa aliingia kwenye tovuti kwa simu yake na kukuta masomo matano, takriban moja kwa wiki. Kila wiki mtu aliyefunzwa alimpigia kwa dakika kama 15. Mpigaji huyo hatoi tiba ndefu wala hachimbi maisha ya utotoni. Anauliza: umesoma? Umejaribu zoezi? Wapi pamekushinda? Tunadhani simu hiyo fupi ndiyo iliyobeba kazi kubwa.

Masomo yenyewe tunaweza kuyaeleza kwa lugha ya nyumbani.

La kwanza ni kujituliza pale ulipo. Mawazo yakikuvamia, unavuta pumzi polepole, unakanyaga chini uhisi sakafu, unajinyoosha, unatazama vitu vinavyokuzunguka na kusikiliza sauti zilizopo. Wavuvi watatuelewa: ukitia nanga, dhoruba haikomi, lakini mtumbwi hauchukuliwi. Nesi anaweza kulifanya akiwa ananawa mikono kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Maji yanapita mikononi, anayahisi ubaridi wake, anapumua mara tatu, anaendelea na kazi.

La pili ni kujinasua. Wazo kama "nitaipeleka homa hii kwa mwanangu" ni kama ndoana. Likikunasa linakuvuta kila linakotaka. Somo halikuambii ulifukuze wazo hilo, kwa sababu ukilifukuza linarudi na nguvu zaidi. Linakufundisha ulitambue na kulitaja: "hili hapa wazo la kumwambukiza mtoto, limekuja tena." Kisha unairudisha akili kwenye kilichopo mbele yako. Inaonekana jambo dogo mno, na wengi hulidharau wiki ya kwanza. Wanaolifanya kila siku huona wazo lilelile linakuja na kuondoka bila kuwaburuta.

La tatu ni kutenda kwa kufuata unachokithamini. Muuguzi hawezi kuuzuia mlipuko. Anaweza kuchagua leo awe muuguzi wa namna gani: kumwita mgonjwa kwa jina lake, kumpigia mama yake kijijini dakika tano. Tendo moja dogo, la leo.

La nne ni kujitendea wema. Hapa wahudumu wa afya ndipo wanapokwama zaidi, kwa maoni yetu. Mtu aliyepoteza wagonjwa watatu usiku mmoja anajisemea maneno ambayo hawezi kumwambia mwenzake yeyote. Zoezi ni kujiuliza: angekuwa nesi mwenzangu amekaa hapa analia, ningemwambia nini? Kisha ujiambie hayo hayo.

La tano ni kuyapa nafasi yale mazito. Huzuni ya kumpoteza mwenzako haiondoki kwa zoezi. Unaiacha iwepo, unapumua nayo, huku ukiendelea na la maana lililo mbele yako.

Ngazi ya pili

Baada ya wiki hizo tano walipimwa tena kwa maswali. Ambao bado walikuwa na msongo mkubwa walipandishwa ngazi ya pili: vikao vitano na mtu mmoja, kwa simu ya video. Huko ndiko ule msaada wa Nairobi ulikotumika. Wanafundishwa mambo manne. Kupumua taratibu. Kuyagawa matatizo, haya yanatatulika na haya hayatatuliki, kisha kulishika moja linalotatulika na kulipangia hatua. Kurudia shughuli walizoziacha, hata kwa kidogo, kwa sababu mwenye sonona hujifungia ndani na kujifungia kunaizidisha. La nne ni kutafuta watu wa kuegemea.

Chukua mfano wa muuguzi asiyelala. Matatizo yake: hofu ya ugonjwa, posho iliyochelewa, ugomvi na mumewe kuhusu zamu za usiku, na kelele za nyumba ya jirani anapolala mchana. Hofu na posho haviko mikononi mwake leo. Kelele na zamu vinazungumzika. Anaanza na kelele: kuomba alale kwa dada yake siku tatu za wiki. Jambo dogo likikaa sawa, usingizi unarudi kidogo, na kwa usingizi huo anapata nguvu ya kuzungumza na mumewe.

Jaribio la Hispania lilihusisha wahudumu 232, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata ngazi hizo mbili. Kundi la kulinganishia lilipata huduma ya kwanza ya kisaikolojia na maelezo ya huduma zilizokuwepo. Wiki 21 baada ya kuanza, waliopata ngazi zote mbili walikuwa na dalili pungufu za sonona na wasiwasi kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023.

Watu 232 si wengi, na wote walikuwa wa nchi moja yenye umeme na mtandao wa uhakika. Hilo tulijue tunapoyapima.

Huku kwetu inawezekana?

Zipo dalili kwamba inawezekana, maana simu ya ushauri si jambo geni Afrika Mashariki. Mwaka 2020 Msalaba Mwekundu wa Kenya ulikuwa na namba ya bure, 1199, ambayo mtu mwenye msongo aliweza kupiga na kuzungumza. Ugumu uko kwenye mambo ya chini zaidi.

Simu ya video inakula bando, na mtandao wa 4G haufiki kila zahanati. Sauti ya kawaida inafika mbali zaidi, hata kwenye kiswaswadu. Kwa tunavyoona, anayepanga huduma hii kwa ajili ya vijijini aanze na simu ya kawaida ya sauti, na anayelipia muda wa maongezi awe mpigaji, si nesi. Mafunzo ya sauti yanaweza kuwekwa kwenye memori kadi na kupitishwa mkono kwa mkono, kama watu wanavyopitishiana nyimbo kwenye kibanda cha kuchajia simu. Hayahitaji intaneti kila siku.

Siri ni jambo la pili, na kwa kituo chenye watumishi wanne ni gumu. Mpigaji asitoke kituo kilekile wala asiwe bosi wa anayepigiwa. Afadhali awe wa wilaya nyingine kabisa. Makundi ya WhatsApp ya watumishi yanafaa kwa salamu na kutiana moyo, lakini usiyamwage ya moyoni humo. Ujumbe unapigwa picha na kusambazwa kabla hujaufuta. Na kama simu ya nyumbani inashikwa na watu wengi, mkubaliane saa ya kupigiwa na mahali pa kuzungumzia, hata iwe chini ya mwembe nyuma ya nyumba.

Jambo la tatu ni la wenye mamlaka. Zoezi la kupumua halileti glavu. Tumewasikia wahudumu wakisema, kwa hasira ya haki, kwamba wanaletewa semina za kupunguza msongo wakati posho ya mlipuko haijalipwa na mtu anafanya zamu mbili mfululizo. Tiba ya simu iende pamoja na vifaa, mapumziko na malipo. Ikitolewa badala ya hivyo, wahudumu wataipuuza, na sisi hatutawalaumu.

Simu inapokuwa haitoshi

Kuna hali ambazo hazifai kusubiri wiki tano za mazoezi. Mtu anayesema hataki kuishi, au anayeuliza mambo ya dawa za kujidhuru. Mtu anayesikia sauti wengine hawazisikii. Anayekunywa pombe hadi zamu inamshinda. Aliyepitisha siku kadhaa bila kulala kabisa. Huyu anahitaji kuonwa uso kwa uso na daktari. Asiachwe peke yake, aondolewe dawa na vitu vya hatari vilivyo karibu, na apelekwe kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ambako wanaweza kumtibu au kumpa rufaa. Maafisa ustawi wa jamii wa wilaya nao wanaweza kusaidia kumfikisha na kuisemesha familia.

Kwa ndugu walio nyumbani na mhudumu wa afya wakati wa mlipuko, msiombe hadithi za wodini. Mwenyewe akitaka kusema atasema. Mwulizeni amekula? Amelala? Mpunguzieni kazi za nyumbani, mnyamazishieni redio anapolala mchana, hata ikiwa ni redio yetu. Na mtaani mkimsikia mtu anasema "usimkaribie, anatoka wodi ya Ebola," mjibuni kwamba huyo amefundishwa kuvaa na kuvua mavazi ya kujikinga, na afya yake inafuatiliwa.

Wasikilizaji hutuuliza kama "mhudumu wa afya" maana yake ni daktari na nesi tu. Kwa tiba hii, hapana. Yumo anayefua mashuka ya wodi, dereva wa gari la wagonjwa, mlinzi wa geti anayepima watu joto, kijana wa timu ya mazishi anayemshusha maiti kaburini huku familia imesimama mbali inalia, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayefukuzwa kwenye boma analokwenda kufuatilia waliokutana na mgonjwa. Hawa wengi hawamo kwenye makundi ya WhatsApp ya watumishi, na wengine wana simu ya tochi tu. Orodha ya wa kupigiwa ikiandaliwa, majina yao yaandikwe tangu siku ya kwanza.